Zege linalojiosha: kutoka Tokyo hadi Kwale

Leo tuache programu kidogo, tuongee kuhusu ukuta.

Hapa Kachibora, duka la mama lilipakwa rangi nyeupe Desemba. Kabla mvua hazijaanza lilikuwa la kahawia: vumbi jekundu, moshi wa malori ya mahindi. Mama akaniuliza, "Wewe uliyesomea kompyuta, hakuna ukuta unaojiosha?" Nikacheka, kisha nikatafuta. Kumbe upo!

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha katika jarida la Nature kwamba titaniamu dioksidi ikiwa ndani ya maji na kupigwa na mwanga, huweza kuyatenganisha maji kuwa oksijeni na hidrojeni. Ni kichocheo: hufanya kazi bila yenyewe kuisha.

Utasema, si ndiyo ule unga mweupe wa rangi za nyumba? Ndiyo, lakini chembe za rangi hufunikwa makusudi zisifanye kazi hiyo, la sivyo zingeila rangi yenyewe.

Kampuni ya Italia, Italcementi, ikautia unga huo kwenye saruji. Jua likiupiga, mafuta ya moshi na kuvu huvunjika polepole, na oksidi za nitrojeni kutoka kwa magari hugeuka naitreti, mvua ikaziosha. Kwa saruji hiyo lilijengwa kanisa la Dives in Misericordia mjini Roma, kazi ya msanifu Richard Meier, lililofunguliwa 2003.

Na titaniamu hutoka wapi? Mojawapo ya mahali ni kwetu, Kwale. Base Titanium ilianza kusafirisha mchanga wake wa madini kupitia Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Miaka kumi mali ghafi ilipanda meli, na hapa Trans Nzoia sijaona hata ukuta mmoja wa aina hiyo.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2016 wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza walisema ushahidi kwamba nyuso hizi husafisha hewa ya mji ni mdogo. Na vumbi letu ni udongo: jua haliuvunji, unangoja mvua, nayo kiangazi haiji.

Nikamweleza mama yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipa ndoo na brashi.