Mkataba Kabla ya Nadharia: Ajira ya Madaktari wa Kikoloni na Kisa cha Elijah Masinde

Mwaka 1945 Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji wa zamani wa soka katika Kombe la Gossage na kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliingizwa Hospitali ya Vichaa ya Mathari, Nairobi, baada ya kukaidi amri za serikali ya kikoloni, zikiwemo za kung'oa magugu mashambani. Alikaa humo hadi 1947. Kuanzia Kimilili hadi mashamba ya Kitale na Kwanza, ambako maskwota wengi wa Kibukusu waliifuata dini yake, ni vigumu kumpata mzee atakayekubali kwamba mtu huyo alikuwa kichaa. Kwa wenyeji jambo hili liko wazi: serikali ilimwogopa, ikamfungia.

Wataalamu nao wana maelezo yao. Tangu Jock McCulloch achapishe kitabu chake kuhusu tiba ya akili ya kikoloni mwaka 1995, imekuwa desturi kuieleza Mathari kupitia fikra za madaktari wake, hasa J. C. Carothers, ambaye maandishi yake juu ya akili ya Mwafrika yalipata sifa mbaya duniani. Kwa mtazamo huu, nadharia ya ubaguzi ndiyo iliyozaa hospitali, na hospitali ikawameza watu kama Masinde. Naona mpangilio huu umegeuzwa. Tukizifuata tarehe, ajira ilitangulia na nadharia ikaja baadaye. Tunapaswa kuanza na masharti ambayo daktari aliyakubali alipoingia kazini.

Kuhusu namna ya kuwapata madaktari hao hakuna ubishi mkubwa. Anna Crozier, katika kitabu chake cha 2007, ameonyesha vya kutosha kwamba Wizara ya Makoloni ilitafuta waungwana kwanza na matabibu baadaye. Ralph Furse, aliyesimamia uteuzi kwa miongo kadhaa, aliamini mno usaili wa ana kwa ana: shule aliyosoma kijana, michezo aliyocheza, barua za wadhamini wake, namna anavyoketi na kujibu. Aliyekubaliwa alipitia kozi fupi ya magonjwa ya nchi za joto, London au Liverpool, kisha akapanda meli.

Crozier anakaa zaidi kwenye tabaka na haiba. Mimi ningekaa kwenye kifungu kingine cha mkataba. Daktari hakuajiriwa kwa hospitali fulani wala kwa ugonjwa fulani. Aliajiriwa katika utumishi. Idara za tiba za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kiutumishi mwaka 1921, na mwaka 1934 ikaundwa Idara ya Tiba ya Makoloni kwa himaya nzima. Mtu mmoja aliweza kupelekwa kokote na kupewa lolote. Daktari wa wilaya alitibu wagonjwa, akakagua jela, akapasua maiti kwa ajili ya mahakama, akapima vibarua kabla hawajapelekwa mashambani, akasimamia chanjo na vyoo. Katika mji wa walowezi kama Kitale, uliofikiwa na reli mwaka 1926, alikuwa pia jirani ya wazungu waliotaka atibu familia zao kwanza. Nyumba ilikuwa ya serikali, likizo ya Uingereza ililipiwa na serikali, na mwisho wa safari kulikuwa na pensheni. Kupanda cheo kulitegemea ripoti ya siri ya wakubwa wake. Mtu wa namna hiyo anaufahamu vizuri mkono unaomlisha.

Masharti hayo mazuri hayakuwa ya wote. Huduma ya tiba ya Afrika Magharibi ilipoundwa mwaka 1902 ilidai waziwazi wazazi wa Kizungu. Afrika Mashariki ilifika pale pale bila kelele nyingi. Greenwood, ambaye ni Crozier huyo huyo kwa jina jipya, na mwenzake Topiwala walikiri mwaka 2015 kwamba historia ilikuwa imewasahau madaktari wa Kihindi, waliobeba sehemu kubwa ya kazi kwa vyeo na mishahara ya chini kabla ya wengi wao kuondolewa serikalini Kenya katika miaka ya 1920. Waafrika waliosomea Mulago na Makerere, kama mwanahistoria Iliffe alivyoeleza, waliitwa wasaidizi hata walipofanya kazi ile ile.

Turudi kwa Carothers, kwani kwake hoja yangu inasimama au inaanguka. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903 na kuingia utumishi wa Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida. Kwa miaka tisa alizunguka wilayani kama wenzake. Mwaka 1938 James Cobb aliondolewa Mathari kwa sababu za mwenendo wake, nafasi ikabaki wazi, na Carothers akapangiwa huko. Hakuwa na mafunzo ya tiba ya akili. Kwa kanuni za kazi yake hilo halikuwa ajabu: kiti kilikuwa kitupu na yeye alikuwepo. Stashahada yake katika fani hiyo aliipata Uingereza mwaka 1946. Makala yake kubwa ya kwanza kuhusu wazimu kwa Waafrika ilitoka mwaka 1947. Kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani kilifuata mwaka 1953, na ripoti yake juu ya Mau Mau mwaka 1954.

Sasa ziweke tarehe za Masinde kando ya hizi. Alipoingizwa Mathari, msimamizi wa hospitali alikuwa hajapata stashahada na hajaandika chochote cha kumpa jina. Alipotolewa, makala kubwa ya kwanza ndiyo kwanza ilikuwa inachapishwa. Tena nadharia yenyewe haimtoshi mgonjwa huyu. Carothers aliona wazimu ukiwaandama zaidi Waafrika waliotengana na jamii zao na kuishi mbali na kwao. Masinde alikamatiwa kwao, akiwahimiza watu warudi kwenye ibada ya mababu. Kama ni nadharia iliyomfungia, ilimfungia mtu ambaye haikumhusu.

Najua nitaambiwa kwamba fikra za ubaguzi zilikuwepo kabla. Ni kweli. H. L. Gordon alizihubiri Nairobi katika miaka ya 1930 kuhusu ubongo wa Mwafrika. Lakini alipotaka fedha za utafiti mkubwa, London ilikataa. Fikra bila fedha zilibaki kuwa mihadhara na makala. Hospitali yenye kufuli ni kitu kingine: inahitaji mtu mwenye cheo na sahihi.

Pingamizi zito zaidi ni Norman Leys. Yeye alikuwa daktari wa serikali na bado aliwatetea Wamaasai walipohamishwa kwa nguvu. Basi mkataba haukumfunga kila mtu? Tazama yaliyompata: alihamishiwa Nyasaland mwaka 1913. Kitabu chake maarufu kuhusu Kenya kilitoka mwaka 1924, baada ya kuacha utumishi. Uhamisho ulikuwa sehemu ya kawaida ya kazi, ndiyo maana ulifaa kuwa adhabu: haukuhitaji shtaka wala maelezo.

Wanaodai leo, kila mgomo unapotokea, kwamba daktari wa zamani alifanya kazi kwa wito bila kuhesabu shilingi, wangefaidika kuyasoma masharti haya. Mgomo wa madaktari wa Kenya wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, na wa siku 56 mwaka 2024, ulihusu utekelezaji wa mkataba: mwaka 2024 serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 mahali ambapo makubaliano yalisema 206,000. Daktari wa kikoloni hakuhitaji kugoma kudai nyumba, likizo na pensheni. Alipewa vyote, na bei yake ilikuwa utii.

Sidai kwamba daktari aliyesomea magonjwa ya akili angemwachilia Masinde. Wapo waliosoma sana na wakatumikia vibaya zaidi. Hata madaktari wa misheni ya Wakweka ya Kaimosi, ambao hawakulipwa na serikali, sina hakika wangekuwa na maoni tofauti kumhusu. Masinde alikuwa amekwishakosana na Wakweka wenyewe. Ninachodai ni kidogo zaidi, na huenda kinahusu wilaya nyingine pia: kwa daktari aliyeajiriwa kwa masharti yale, kumtangaza Masinde kuwa mwenye akili timamu kungemaanisha kuipinga serikali iliyokuwa na uwezo wa kumhamisha bila hata kueleza kwa nini.