Likizo ndefu ya Desemba na kurudi shule Januari: afya ya mtoto anayeishi Kariakoo

Shule zikifungwa kuelekea Desemba, mtoto wa Kariakoo hana uwanja nyuma ya nyumba wa kukimbilia. Ana korido ya ghorofa, ana ngazi, ana kibaraza cha duka, na nje ana mtaa uliojaa mikokoteni, bajaji na watu. Na Desemba hiyo hiyo ndiyo biashara inachanganya, kwa hiyo mtoto yuko likizo lakini wewe hupo. Wengi huwaachia watoto wakubwa kuwaangalia wadogo, au dada wa kazi, au wanawapeleka kwa bibi mkoani, au wanashinda nao dukani. Kila njia kati ya hizi ina mambo yake ya kiafya ya kuangalia, na mengine hayaonekani mpaka wiki ya kwanza ya shule.

Joto la Desemba hadi Machi

Hii ndiyo miezi ya joto kali Dar es Salaam. Mchana hufika nyuzi joto 31 hadi 33, na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki haraka. Jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana mtoto anaweza kuzidiwa na joto hata akiwa kivulini, ndani ya chumba cha ghorofa ya juu kilichofungwa madirisha, au nyuma ya duka lililojaa mabunda ya nguo yasiyopitisha upepo.

Mtoto aliyeanza kuishiwa maji hakojoi mara nyingi, mkojo wake ni wa njano iliyokolea, midomo imekauka, analalamika kichwa kinauma au amekuwa mkali bila sababu. Mpumzishe penye upepo, mpe maji kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi. Dafu ni zuri. Soda na juisi za pakiti zina sukari nyingi, zisichukue nafasi ya maji.

Kuna hali nyingine ambayo ni ya dharura: mwili unawaka moto, mtoto anaongea vitu visivyoeleweka, anatapika, anadegedeka au anazimia. Hapo usitafute panadol. Mvue nguo, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na mkimbize hospitali huku mkiendelea kumpooza njiani. Usimnyweshe chochote kama hana fahamu vizuri, anaweza kupaliwa.

Kwa mtoto mchanga tuna maneno mawili. La kwanza: mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa hata joto liwe kali kiasi gani. Maziwa ya mama, karibu asilimia 88 ni maji. Akiwa na kiu mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe maji ya kutosha. Maji ya chupa au ya kuchemsha anayopewa "kwa sababu kuna joto" hujaza tumbo lake dogo akanyonya kidogo, na yakiwa si safi huleta kuhara. La pili ni kofia ya sufu. Tunajua bibi atasema mtoto atapata kichomi. Lakini kichanga aliyebebwa mgongoni saa saba mchana Mtaa wa Kongo, akiwa na sweta, soksi, kofia ya sufu na khanga mbili juu yake, yuko kwenye hatari ya joto kuliko ya baridi. Mguse shingoni kwa nyuma. Pakiwa pa moto na pana jasho, mpunguzie nguo.

Ndoo za maji na mbu wa mchana

Ghorofa nyingi hazina maji ya uhakika, hivyo kila familia ina ndoo, madumu na mapipa bafuni au kwenye baraza. Mbu anayeambukiza homa ya dengi anapenda hapo hapo. Ni mbu mweusi mwenye madoa meupe, anauma mchana, na hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia, hatafuti mtaro mchafu. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa ya dengi mwaka 2014 na 2019.

Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mwaga maji yaliyobaki chini ya kila chombo, halafu sugua kuta za ndani kwa brashi. Kumwaga tu hakutoshi, kwa sababu mayai hunata ukutani na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji mengine. Kisha funika vizuri. Ukiona viluwiluwi kwenye pipa, mbu wako unawafuga mwenyewe. Angalia pia sahani za chini ya maua, matairi ya zamani kwenye paa na maji yanayokusanyika chini ya friji. Hiyo ni kazi ambayo mtoto wa miaka 9 aliye likizo anaweza kupewa kila Jumamosi, na wengi wanaipenda, hasa kutafuta viluwiluwi.

Chandarua cha usiku ni cha malaria na ni lazima kiendelee. Mtoto mdogo anayelala mchana, naye alale ndani ya chandarua.

Homa inayokuja na kengele ya shule

Kila Januari wako wazazi wanaosema mtoto ana homa ya kuogopa shule. Mara nyingine ni kweli, lakini pima kwanza.

Malaria huchukua kama siku 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi, kutoka kung'atwa na mbu hadi homa kuanza. Mtoto aliyekaa kwa bibi Lindi, Mtwara, Tabora, Kigoma au Geita, ambako malaria ni nyingi kuliko Dar es Salaam, akarudi siku chache kabla ya shule kufunguliwa, anaweza kuanza kuugua akiwa tayari amevaa sare. Homa yoyote katika wiki za mwanzo baada ya safari, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu mtoto alikuwa wapi. Usisubiri aulize, na usinunue dawa ya malaria dukani bila kipimo. Kama alikuwa anaoga ziwani au kwenye mabwawa na sasa anakojoa damu, hilo nalo ulitaje, huenda ni kichocho.

Kipimo cha malaria kikisema hana, haina maana kwamba hana kitu. Inaweza kuwa dengi: homa ya ghafla, kichwa na nyuma ya macho vinauma, viungo vinauma, wakati mwingine vipele. Kwa maumivu na homa tumia paracetamol tu, kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini, brufeni wala diklofenaki, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Sehemu inayowadanganya wazazi wengi ni hii: siku za hatari za dengi huja pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Unafikiri amepona, unamvalisha viatu. Akiwa na maumivu makali ya tumbo, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, au akilegea na kusinzia sana, rudi hospitali mara moja hata kama mwili umepoa.

Akiharisha, na msimu huu wa maembe na vitu vya kununua mtaani kuhara hakukosekani, anza ORS mapema na uombe zinki kituo cha afya. Zinki hutumiwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakuwa kizuri. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka mfululizo, nenda kituoni bila kusubiri kesho.

Kumpeleka mtoto sokoni kununua sare

Wiki ya mwisho kabla ya shule, mji mzima unakuja Kariakoo kununua sare, viatu na madaftari. Kama unaweza, nenda siku ya kazi asubuhi mapema na umwache mtoto nyumbani, uchukue vipimo vyake kwa kamba: kiuno, urefu, na mguu uliochorwa kwenye karatasi. Karatasi ya mguu inatosha kabisa kununulia viatu. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Viatu vya kukulia vya namba tatu zaidi vinamwangusha mtoto na kumtoa malengelenge, ingawa tunaelewa hesabu ya mama anayetaka vifike Desemba.

Ukilazimika kwenda naye, mwandikie namba ya simu kwa kalamu ya wino mkononi, chini ya mkono wa shati. Mfundishe jina lako kamili. Watoto wengi wa miaka 5 wanamjua mama yao kama "mama", na hiyo haimsaidii anayewaokota. Mwambie akipotea asitembee kukutafuta: asimame hapo hapo, amwambie mama mwenye duka au aliye na watoto. Ukimpoteza, taarifu polisi mapema, kuna kituo hapo Msimbazi.

Usingizi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Fanya hesabu. Kama gari la shule linampitia mapema na lazima aamke saa kumi na moja alfajiri, basi saa 9 maana yake alale saa mbili usiku. Wewe saa mbili ndiyo unafunga duka. Hatuna jibu jepesi hapa. Kinachowezekana ni yule anayebaki nyumbani amwogeshe na kumlisha kabla hujafika, na mazungumzo yenu yawe asubuhi. Siku kumi kabla ya shule anza kurudisha muda wa kulala nyuma kwa dakika 15 hadi 20 kila siku, na muda wa kuamka vivyo hivyo. Kumlaza saa mbili kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia shule hakufanyi kazi, atakodoa macho tu.

Joto la usiku ndilo linawakosesha wengi usingizi. Maji ya kuoga ya kawaida kabla ya kulala, godoro karibu na dirisha lenye wavu, na feni husaidia. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata likiwa linakaribia kuzima, hewa yake huua bila harufu. Na simu ilale chumba chako.

Mtoto asiyetaka kurudi

Tumbo linalouma kila asubuhi ya shule na kupona saa nne, kwanza lipimwe. Likishapimwa na hakuna ugonjwa, usiseme anadeka. Tumbo linauma kweli. Kaa naye wakati mnafanya kitu kingine, mkichambua mchele labda, umuulize: nani anakaa naye darasani, nani hapendi kukaa karibu naye, mwalimu akikasirika anafanya nini, chooni kukoje. Mengi hutoka kwenye swali la choo. Muulize pia kama anaona vizuri maandishi ya ubaoni, kwani mtoto asiyeona ubao huitwa mzito mwaka mzima.

Kuna mabadiliko yanayohitaji uangalizi zaidi: aliyeacha kukojoa kitandani ameanza tena, anamkwepa ndugu au jirani fulani, anaogopa kuvuliwa nguo, amenyamaza tangu alipotoka alikokuwa likizo. Msikilize bila kumkatiza, umwambie hajakosea. Ukihisi amefanyiwa ukatili wa kingono, usimwogeshe na usifue nguo zake. Nenda hospitali haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Hospitali ya Amana, Ilala, ina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, ustawi wa jamii na polisi hupatikana pamoja. Namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa maswali mengine ya afya piga 199 ya Wizara ya Afya, nayo ni bure.