Waraka Ulivyomfikia Mwalimu: Habari za Shule Zetu za Msingi Nyarugusu Tangu 1996



Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wameeleza habari za maji, za hospitali na za mgao wa chakula. Sisi wa upande wa elimu tumechagua kueleza jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni namna habari za mabadiliko ya shule zilivyokuwa zikimfikia mwalimu wa darasa. Majengo na madawati yana picha zake katika ripoti za mashirika. Lakini hakuna picha ya mwalimu wa mwaka wa sita akiambiwa kwamba tarehe ya mtihani imesogezwa, wala ya yule ambaye hakuambiwa.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996 katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, wakati watu wa Fizi, Baraka na Uvira walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita vya Kivu ya Kusini. Walimu walivuka pamoja na majirani zao, wengi bila cheti mkononi, wengine na kitabu kimoja kilichofungwa ndani ya kitenge pamoja na sufuria. Masomo yalianza chini ya miti na chini ya maturubai. Mwalimu alifundisha kile alichokuwa nacho kichwani, yaani programu ya Zaire, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Programu hiyo ndiyo iliyoendelea kufuatwa. Msimamo wa wakati ule ulikuwa kwamba mtoto mkimbizi asome masomo ya nchi yake ili siku ya kurudi asianze upya, na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 2003 ilikuja kuuandika waziwazi. Sisi wazazi na walimu tuliupenda msimamo huo. Hata hivyo ulileta ugumu ambao hatukuuona mwanzoni. Masomo yaliamuliwa Kinshasa. Maisha ya kambi yaliamuliwa na Serikali ya Tanzania. Motisha ya mwalimu, chaki na madaftari vilitoka kwa mashirika. Mwalimu alikuwa mmoja na wakubwa wake watatu, na kila mmoja wao alikuwa na nyaraka zake. Mwalimu mwenyewe hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa nne kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo hakuweza kupanda gari hadi Kigoma kuuliza. Ilimbidi asubiri habari zimfuate alipo.

Jaribio la kwanza lilikuja mapema. Tarehe 17 Mei 1997 Zaire iliacha kuwa Zaire. Hatukuletewa waraka wowote. Tulisikia redioni, kwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC na Sauti ya Ujerumani, kila redio ikiwa imezungukwa na watu ishirini na mwenye betri akiheshimiwa kama mzee wa kijiji. Kesho yake mwalimu wa jiografia aliingia darasani akiwa na ramani ambayo nchi, mto mkubwa na mikoa mitatu yake vilikuwa na majina yaliyofutwa. Mto Zaire ulirudi kuwa Kongo. Shaba ilirudi kuwa Katanga. Haut-Zaïre ikawa Province Orientale. Bendera ilibadilika, na wimbo wa taifa pia.

Wageni wanaweza kuona hilo ni jambo dogo, kwamba mwalimu afute neno moja ubaoni na kuandika lingine. Halikuwa dogo. Wengi wetu tulikuwa tumekimbia vita vilevile vilivyoleta jina jipya. Wako wazazi waliosema kwamba mwalimu anayeandika jina hilo amewakubali waliotufukuza, na wako walimu walioendelea kusema Zaire kwa muda mrefu. Walimu wakuu, au madirekta kama tulivyozoea kuwaita kwetu, walikutana wakakubaliana kwamba darasani lifundishwe jina ambalo mtoto ataulizwa katika mtihani, na siasa zibaki nje ya mlango. Tunaona walikata vizuri. Lakini hawakuwa na barua ya mtu yeyote ya kuwaunga mkono.

Mwaka 1998 ilikuwa zamu ya hesabu. Faranga ya Kongo ilianza kutumika mwishoni mwa Juni, faranga moja kwa zaire mpya 100,000. Maswali yote ya vitabuni kuhusu mama aliyekwenda sokoni na noti zake yakawa hayana maana. Halafu Agosti vita vya pili vikaanza, na watu wakavuka tena ziwa. Katika hao wapya walikuwemo walimu waliokuwa wakifundisha hadi wiki ya kukimbia. Tuliwapa maji, tukawaacha walale, na asubuhi tukawauliza: kule mnafundisha nini sasa? Mwalimu mgeni ndiye aliyekuwa gazeti letu la elimu, ingawa naye alikuwa na mipaka yake, maana baada ya Agosti 1998 mashariki ya nchi ilitawaliwa na waasi, na agizo la Kinshasa halikuwa rahisi kufika hata Uvira, sembuse kwetu.

Redio zilitusaidia sana. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi mwaka 1995, ilizungumza na wakimbizi kwa lugha zao. Radio Okapi ilianza Kongo Februari 2002, na tangu hapo walioweza kuinasa walisikia habari za wizara karibu siku ileile zilipotoka. Lakini redio husema mara moja ikanyamaza. Aliyekuwa shambani au kwenye foleni ya mgao hakusikia, na aliyesikia nusu aliwasimulia wenzake nusu hiyo.

Hapa inafaa tueleze ugumu wa lugha, maana ndio uliotusumbua kuliko umbali. Walimu wetu walisomeshwa kwa Kifaransa. Barua nyingi za mashirika ziliandikwa kwa Kiingereza. Matangazo ya Serikali yalikuja kwa Kiswahili sanifu, ambacho tulikielewa, lakini ndani yake yalikuwemo maneno tuliyoyatumia kwa maana nyingine. Barua ikisema “mwisho wa muhula wa kwanza”, mwenyeji wa Tanzania anafikiria mwezi wa Juni, kwa kuwa mwaka wake wa shule unaanza Januari na una mihula miwili. Mwalimu wa Kikongo anafikiria Desemba, kwa kuwa mwaka wake unaanza Septemba na una vipindi vitatu. Hali kadhalika “darasa la mwisho la shule ya msingi”. Kwa mwenyeji ni la saba, kwetu lilikuwa la sita. Hata saa zilitofautiana. Kivu iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na Kinshasa kwa saa mbili. Tangazo linalosema mtihani utaanza saa mbili asubuhi bila kusema ni saa mbili ya wapi linaweza kumfanya mtoto akute mlango umefungwa.

Na kweli watoto waliumia. Mwaka mmoja ulitoka waraka wa kuandikisha majina ya watahiniwa wa mwaka wa sita, ukiwa na siku ya mwisho na sharti kwamba jina liandikwe kama lilivyo kwenye karatasi ya mgao. Waraka ulipita mkono kwa mkono kutoka shule hadi shule. Shule iliyokuwa mwisho wa njia iliupata siku ya mwisho ikiwa imekwisha pita. Watoto wa shule hiyo walijua masomo yao vizuri, na baadhi walikuwa wakubwa, wasichana wenye miaka kumi na sita waliochelewa shule kwa sababu ya kukimbia. Walisubiri mwaka mzima. Wasichana kadhaa hawakusubiri, wakaolewa. Hatutaji ofisi wala mtu, na hatuandiki haya kwa ajili ya kulaumu. Ila anayeuliza kwa nini wazee wa elimu walikuwa wakali kuhusu karatasi, hii ndiyo sababu.

Njia tatu zilikuwa zimejaribiwa kabla ya hapo. Ubao wa matangazo nje ya ofisi ulipigwa na mvua, na tuseme ukweli, karatasi nyingine ziligeuka sigara. Kipaza sauti kilifaa kuita watu kwenye mgao, lakini hakikufaa kwa mambo yenye tarehe na vifungu. Mjumbe wa baiskeli alikuwa mwaminifu, tatizo ni kwamba waraka ulikuwa nakala moja na shule zilikuwa nyingi.

Ndipo likaja daftari la matangazo. Lilikuwa daftari la kawaida la wanafunzi, la mistari, lililotiwa gamba la katoni. Walimu wakuu walipokutana, kila mmoja alinakili kwa mkono wake yaliyosomwa, akarudi nalo shuleni kwake, na kabla ya kengele ya asubuhi aliwasomea walimu kwa Kiswahili, akitaja kwa Kifaraansa yale maneno ya programu yasiyofaa kugeuzwa. Kila mwalimu alitia sahihi. Ambaye hakuwepo alilikuta mezani aliporudi, na nafasi yake ya sahihi ikimngoja. Kila tangazo liliandikwa nani amelitoa, lini, kitu gani kinabadilika na kuanzia siku gani. Baadaye likaongezwa sharti la kutaja mwaka wa shule ni wa wapi na saa ni za wapi.

Matukio yajayo yaliandikwa nyuma ya daftari, kuanzia ukurasa wa mwisho kuja mbele: semina za walimu, siku ya chanjo, kuhesabiwa upya kwa wakimbizi, mkutano wa wazazi, Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, Siku ya Wakimbizi tarehe 20 Juni. Faida yake ilionekana haraka. Mwalimu aliyejua kwamba Alhamisi ni siku ya mgao hakupanga jaribio siku hiyo, maana nusu ya darasa ingekuwa imekwenda kusaidia kubeba mahindi.

Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilipofungwa na wenzetu kuhamishiwa Nyarugusu, walimu wao walikuja na taratibu zao. Kulikuwa na mabishano ya wiki chache kuhusu nani mkuu wa nani, ambayo hayastahili wino. Uzito wa kweli ulikuja mwaka 2015. Kuanzia Mei Warundi waliingia kwa maelfu, kambi ikapita watu 150,000, na majengo ya shule yakatumiwa kwa zamu, Wakongo na Warundi, kila upande na programu yake. Tangazo moja la usafi wa vyoo lilihitaji kusomwa mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili kwa Kirundi.

Wakati huohuo nchi zote mbili zilikuwa zimebadilisha mfumo. Burundi ilianza shule ya msingi ya miaka tisa mwaka 2013. Kongo ilitunga sheria ya elimu Februari 2014, yenye elimu ya msingi ya miaka minane, sita ya shule ya msingi na miwili inayofuata. Matokeo yake ni kwamba maneno “mwaka wa saba”, ambayo zamani yalikuwa ya Watanzania peke yao, sasa yalikuwa na maana tatu ndani ya uzio mmoja. Mwaka huohuo wa 2015 Kongo iligawanywa kutoka mikoa 11 kuwa 26, na mwalimu wa jiografia akaanza tena kufuta ubao. Safari hii hakuna aliyegombana.

Septemba 2019 ilitangazwa kwamba shule ya msingi ya Serikali nchini Kongo ni bure, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliahidi katika kifungu cha 43. Kambini hapakuwa na karo, kwa hiyo mtu angedhani habari hiyo haituhusu. Ilituhusu sana. Wazazi waliokuwa wakisita kurudi kwa sababu ya karo walikuja kumuuliza mwalimu kama ni kweli, na mwalimu alipaswa kuwajibu kwa yale yaliyoandikwa, siyo kwa uvumi. Machi 2020 shule zilipofungwa Tanzania kwa sababu ya korona, hatukuwa na haja ya kuuliza ni agizo la nchi gani, maana ugonjwa hauna programu. Shule za msingi za nchi hii ziliruhusiwa kufunguliwa tena tarehe 29 Juni mwaka huo.

Simu za mkononi zimepunguza kazi ya mjumbe wa baiskeli na kuongeza kazi ya mwalimu mkuu. Ujumbe hufika kwa dakika moja, wa kweli na wa uongo pamoja, na tarehe ya mtihani iliyotungwa na mtu asiyejulikana husambaa kabla ya chai. Kanuni iliyowekwa ni kwamba habari ya simu haiingii kwenye daftari mpaka ithibitishwe na aliyeitoa, na isiyoingia kwenye daftari mwalimu haifundishi wala haiwatangazii wazazi.

Jambo la mwisho ni la walimu wenyewe. Tangu mwaka 2015 familia nyingi za Wakongo zilihamishiwa Marekani, na waliotangulia walikuwa mara nyingi wale waliokaa muda mrefu, yaani haohao waliokumbuka kila waraka ulianzia wapi. Shule ilipoagana na mwalimu wa miaka kumi na tano, aliyemfuata alikuwa kijana aliyezaliwa kambini, ambaye hajawahi kuona shule ya upande ule wa ziwa. Kijana huyo alipewa chaki, ratiba na madaftari ya matangazo ya miaka iliyopita. Kwa ndugu zetu wa mashirika tunaomba jambo moja dogo: waraka uandikwe kwa Kiswahili au Kifaransa, uwe na tarehe, na nakala zitoshe shule zote, pamoja na ile iliyo mwisho wa njia.