MWANZISHAJI NA WAITIKIAJI: HISTORIA YA KUSHIRIKISHANA MUZIKI UGOGO



Mada hii inahusu historia, lakini naomba niianzie katika bweni la wanafunzi, na kanda moja ya kaseti. Niliinunua Dodoma, kwenye kibanda kilichokuwa karibu na stesheni ya reli, kwa kijana aliyekuwa akinakili kanda na kuziuza. Juu ya karatasi yake yaliandikwa kwa mkono maneno mawili tu, "Ngoma Kigogo". Ndani yake alikuwamo mzee mmoja na zeze lake, na nyuma yake sauti za watu wengi. Niliipenda kupita kiasi. Na kama ilivyo desturi ya kijana aliyevumbua jambo, sikutulia mpaka nilipomsikilizisha mwenzangu wa chumbani, mzaliwa wa Tanga. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Ndugu yangu, huyu ni nani?" Sikuwa na jibu.

Likizo ilipofika niliipiga kanda ile ile nyumbani, bibi yangu akiwapo. Yeye hakuuliza ni nani. Mwimbaji alipoanzisha, bibi aliitikia. Alipoanzisha tena, aliitikia tena, huku akipiga makofi taratibu. Sisi wajukuu tulikaa kimya tukimtazama. Akatugeukia akasema, "Mbona mnamwacha peke yake?"

Maswali hayo mawili yamenifuata kwa miaka mingi, nami nimekuja kuamini kwamba ndani yake imo historia nzima. Mwenzangu aliona kwamba kushirikishwa muziki ni kupewa jina la msanii, ili akipenda amtafute mwenyewe. Bibi aliona kwamba ni kupewa nafasi ya kuitikia. Hoja nitakayoitetea ni kwamba, tangu katikati ya karne ya 19, muziki wa Ugogo umekuwa ukihama kutoka katika desturi ya pili kwenda katika ile ya kwanza. Uhamaji huo umewapa baadhi ya mafundi sifa waliyoistahili. Umewaacha pia watu wengi bila jina, na wengi wao ni wanawake.

Njia ya misafara

Ugogo haikuwa nchi iliyojitenga. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza katikati yake, na kila msafara ulilazimika kusimama. Maji yalikuwa haba, chakula kilinunuliwa kwa Wagogo, na watemi walidai hongo ambayo majadiliano yake yaliweza kuchukua siku kadhaa. Wapagazi wa Kinyamwezi, Waswahili wa pwani na wenyeji walipiga kambi jirani usiku baada ya usiku. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alilitaja zeze miongoni mwa ala za watu wa bara katika kitabu chake cha mwaka 1860, ingawa kwa dharau aliyokuwa nayo juu ya mambo mengi aliyoyakuta. Tukumbuke kwamba zeze linafahamika Ugogo, Unyamwezi na Usukuma, na kwamba neno lenyewe limo katika Kiswahili. Ala na majina yake havienezwi na upepo. Vilibebwa na watu waliosikilizana kambini, na aliyetaka kuubeba wimbo wa mwenzake hakuwa na chombo cha kuutia isipokuwa koo lake mwenyewe. Ilimpasa kwanza ajue kuitikia.

Muziki wenyewe unalazimisha jambo hilo. Uimbaji wa Kigogo ni wa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, na ngazi yake ya sauti, kama walivyoeleza wataalamu wa muziki, inatokana na sauti za asili zinazosikika juu ya sauti moja ya msingi. Mtu mmoja hawezi kuukamilisha. Hata ilimba ina tabia hiyo hiyo: baadhi ya vyuma vyake hupigwa kwa vidole, na vingine havipigwi kabisa, bali hutetemeka vyenyewe vikivijibu vile vilivyopigwa. Tundu la ubao hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Sijui ala nyingine inayoonyesha waziwazi kiasi hicho kwamba sauti ni mazungumzo.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Kwa muda mrefu mafundisho yao yaliwakataza waumini ngoma za jadi, na muheme, ngoma inayopigwa na wanawake na iliyofungamana na sherehe za jando na unyago, haikusalimika. Leo muheme unasikika katika kwaya za kanisa hilo hilo. Waumini hawakuletewa muziki huo na mtu wa nje. Waliuchukua wenyewe wakaingia nao mlangoni.

Mgogo aliyeandika Kiswahili

Katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili hapana budi kumtaja Mathias Mnyampala (1917–1969), ambaye kwa maoni yangu hajapewa nafasi yake katika historia ya muziki kwa sababu tumemweka katika rafu ya ushairi tu. Mnyampala alikuwa Mgogo. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo wa Tanganyika, alichokiandika kwa Kiswahili. Uamuzi huo wa lugha una uzito. Aliyekuwa akisoma habari za Ugogo kwa Kiswahili alikuwa mtu wa Tanga, wa Songea au wa Ujiji. Mgogo mwenyewe hakuhitaji kuelezwa. Mnyampala alikuwa akiwashirikisha wengine alichokipenda, na alijua kwamba msomaji wake hatapata ngoma, bali maelezo ya ngoma.

Ndiyo maana naona kwamba ngonjera, utanzu anaosifiwa kuuasisi, ni jibu lake kwa upungufu huo. Ngonjera ni shairi lisiloweza kutendwa na mtu mmoja. Lazima mmoja aseme na mwingine amjibu, mbele ya watu. Chama cha UKUTA, ambacho Mnyampala alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kiliupa utanzu huo jukwaa, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea katika shule za Tanzania nzima. Wahakiki wamezikosoa kwa kutumikia siasa mno, nao wana hoja. Lakini mtoto aliyesimama mstarini akisubiri zamu yake ya kujibu alikuwa akifunzwa tabia ambayo bibi yangu angeitambua mara moja.

Mashine na redio

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika na vinasa sauti vyake, na nyimbo za Wagogo zimo katika alizozinasa. Miaka minne baadaye aliasisi maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mfululizo wake wa sahani za santuri ukafikia zaidi ya 200. Tracey alikuwa na bidii ya kuandika majina ya wapigaji alipoyapata. Hata hivyo, mpangilio wa kadi zake ulitanguliza kabila, lugha, eneo na aina ya ala. Kwa mara ya kwanza wimbo wa Ugogo uliweza kusafiri bila koo la mtu, na ulisafiri ukiwa na cheti chenye neno "Gogo".

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wenzangu wa rika langu watakumbuka kadi za salamu. Mtu aliandika majina ya ndugu na marafiki, akachagua na wimbo, kisha akangoja wiki nyingi asikie jina lake likisomwa. Hiyo ilikuwa namna ya kushirikishana muziki iliyoenea kuliko zote katika nchi yetu, na sijaona taaluma zetu zikiipa uzito unaostahili. Mtu wa Dodoma aliweza kumpa shemeji yake aliyeko Mtwara wimbo wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, akiutaja kwa jina la mtunzi na la bendi. Ninavyokumbuka, ngoma za asili hazikutangazwa hivyo. Ziliitwa kwa kabila au kwa mahali, na mpigaji akabaki ndani ya jina la watu wake. Msikilizaji hawezi kuomba kwa kadi wimbo wa mtu asiye na jina. Kijana wa kibandani pale stesheni hakufanya kosa lolote. Aliandika kama alivyokuwa amezoea kusikia.

Hukwe Zawose

Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa. Alilalamika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao, kisha akazitaja ngoma kadhaa kwa majina, moja baada ya nyingine. Nikiisoma hotuba hiyo namwona mtu anayewahimiza wenzake wasikilize alichokisikia yeye. Tofauti ni kwamba alikuwa na uwezo wa kumwita mpigaji aje.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Hukwe Ubi Zawose, mzaliwa wa Dodoma vijijini, fundi wa ilimba, zeze na filimbi, na mwimbaji ambaye sauti yake ilipanda na kushuka kama ya watu watatu. Nyerere alimwalika Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye Zawose akafanya makao yake Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Tazama mzunguko huo: mji uliokuwa ukituma misafara Ugogo sasa ulimpokea Mgogo aje afundishe.

Kutoka Bagamoyo alikwenda mbali zaidi. Albamu ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza mwaka 1985. Mwaka 1996 ikatoka Chibite, chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoirekodi na Michael Brook. Mwaka huo huo Hukwe na mpwa wake Charles walipanda jukwaani na Gabriel mwenyewe katika ziara yake ya Marekani. Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004.

Hapo sasa palikuwa na jina. Mwenzangu wa Tanga angeridhika. Msikilizaji wa London aliweza kumwambia rafiki yake, "Msikilize Zawose," na rafiki akajua aulize nini dukani. Sitaki kulipuuza jambo hilo, kwani mpigaji asiye na jina hana pa kudai malipo, na wapigaji wetu wengi wamezeeka wakiwa maskini huku sauti zao zikihifadhiwa katika maktaba za mbali. Lakini jina lilikuwa moja. Msikilizaji wa ng'ambo, ambaye hakujua Kigogo na hakufundishwa kiitikio, alimsikia fundi wa ajabu na kundi lililo nyuma yake. Katika nindo au msunyunho hakuna "nyuma".

Chamwino

Tangu mwaka 2009 Kituo cha Sanaa Chamwino, kilichoasisiwa na Kedmon Mapana, mzaliwa wa Nzali aliyekuwa akifundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino Ikulu, mashariki ya mji wa Dodoma. Nzali hiyo ndiyo inayoonekana katika filamu ya mwaka 2011, Africa: The Beat, iliyotokana na utafiti wa miaka mingi wa Mhispania Polo Vallejo. Wageni huja Chamwino na kamera zao, lakini kinachonivutia ni jambo jingine. Vikundi vya vijijini huja kusikilizana. Kikundi kikiimba, watu wa kikundi kingine huonekana pembeni midomo ikiwachezacheza. Baada ya muda hawajizuii tena, wanaitikia. Mshereheshaji anapowakumbusha kwamba zamu yao bado, hucheka.

Na huko Bagamoyo familia ya Zawose haikunyamaza. Msafiri, mwana wa Hukwe, alitoa albamu yake Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024 ikatoka albamu iitwayo Maisha, chini ya Real World ile ile, na walioitoa ni wanawake wawili: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wanaojulikana kama Zawose Queens. Kwa muda mrefu kazi ya wanawake wa familia hiyo jukwaani ilikuwa kuitikia na kucheza. Katika Maisha wao ndio wanaoanzisha, nao hupiga zeze, ilimba na ngoma za muheme kwa mikono yao wenyewe.

Kwa wanafunzi mtakaokwenda Chamwino na vinasa sauti, nina ombi moja la kazi. Msiishie kwa kiongozi wa kikundi. Ngojeni ngoma iishe, mkae na wale waliokuwa katika safu ya waitikiaji, na muandike jina la kila mmoja pamoja na sehemu aliyoimba. Kanda yangu ninayo hadi leo, ingawa utepe wake umekwisha kukatika mara mbili. Nimewauliza wazee wengi wa Ugogo juu ya yule mzee wa zeze. Hakuna aliyenitajia jina lake, lakini kila niliyempigia aliitikia.