Mvumi, Kijiji cha Ugogo Kilichozaa Shujaa wa Riwaya

Mwaka 2027 Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana, yenye makao yake Dodoma, inatimiza miaka 100. Hotuba zitakuwa nyingi, na kwa haki kabisa zitawataja maaskofu, shule, zahanati na hospitali zilizojengwa. Upo hata hivyo urithi mmoja wa dayosisi hiyo ambao ni nadra kutajwa jukwaani. Katika wodi za hospitali ya Mvumi, kusini mashariki mwa mji wa Dodoma, alizaliwa shujaa wa riwaya za kusisimua aliyesomwa na vijana wa Australia, Uingereza na nchi nyingine nyingi kwa zaidi ya nusu karne.

Shujaa huyo aliitwa "Jungle Doctor". Ni daktari Mzungu mwenye Biblia na mkoba wa dawa, anayezunguka vijiji vya Wagogo akipambana na malaria, homa ya papasi, vikope, simba, fisi na, zaidi ya vyote, waganga wa kienyeji. Mwandishi wake alikuwa Dakta Paul White, na shujaa alikuwa yeye mwenyewe.

Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, ulikuwa umeshaingia katika vitabu vya safari muda mrefu kabla yake. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita hapa kuelekea Ziwa Tanganyika mwaka 1857. Stanley alipita 1871 akimtafuta Livingstone, na kitabu chake kinalalamika kurasa kwa kurasa kuhusu hongo ya vitambaa aliyotozwa na watemi, wa Mvumi wakiwamo. Baadaye zikaja misheni, Wajerumani, reli ya kati na Waingereza. Katika maandishi hayo yote Mgogo ni mtu wa pembeni: anadai ushuru, anashangaa wageni, kisha msafara unasonga mbele naye anasahaulika.

Ili kuelewa White aliandika nini, ni vizuri kwanza kumtazama shujaa mwingine wa zama zake. Agosti 1928 jarida la Marekani la Weird Tales, moja ya majarida ya hadithi yaliyochapwa kwenye karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache, lilitoa hadithi ya "Red Shadows". Mwandishi wake alikuwa kijana wa Texas, Robert E. Howard. Ndani yake alitokea Solomon Kane, Mpuritani wa Uingereza ya kale: mtu mrefu, mkimya, aliyevaa nguo nyeusi na kofia pana, mwenye upanga na bastola mbili. Wapuritani walikuwa Waprotestanti wa msimamo mkali waliotaka maisha yote yaendeshwe kwa Biblia. Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kukutana na msafiri wa Kipuritani katika "Safari ya Msafiri" ya John Bunyan, lakini msafiri wa Bunyan anatafuta wokovu wa roho yake. Kane anatafuta waovu wa kuwalipiza kisasi kwa niaba ya wanyonge, na utafutaji huo unamleta mara kwa mara Afrika.

Howard hakuwahi kufika Afrika. Alifariki mwaka 1936 akiwa na miaka 30 tu. Afrika yake ni ya ndoto: miji iliyopotea, wafu wanaotembea, viumbe wenye mabawa. Lugha yake kuhusu watu weusi ina dharau nyingi, na msomaji wa leo ana haki ya kuikataa. Hata hivyo katika hadithi ya "The Footfalls Within" ya mwaka 1931 Kane anakutana na msafara wa watumwa na kuuvamia peke yake, dhidi ya watu wengi wenye silaha. Mtu wa Ugogo, ambako misafara ya watumwa na pembe ilipita kweli kuelekea Bagamoyo, anaweza kuisoma hadithi hiyo na kutambua kitu cha kwao ndani ya ndoto ya mgeni.

Tumrudie daktari wetu. Paul White alizaliwa Bowral, New South Wales, mwaka 1910, akasomea udaktari Sydney. Dayosisi ya hapa ilikuwa imeanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, aliyetoka Australia, naye aliwahimiza Waaustralia wengi kuja kufanya kazi katika nyanda hizi za kati. White na mkewe Mary waliwasili mwaka 1938. Walikuta nchi ya mibuyu na miiba, ya uwele na mtama, nyumba za tembe na mifugo mingi, ambayo ilikuwa bado inakumbuka Mtunya, njaa kubwa iliyowaua Wagogo kwa maelfu baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wao.

Hakukaa sana. Mwaka 1941 maradhi ya mkewe yaliwalazimisha kurudi Australia. Katika kumbukumbu zake, "Alias Jungle Doctor", zilizotoka mwaka 1977, anaonekana mtu aliyeona kwamba kazi yake ilikatwa katikati. Alichokifanya ni kuiendeleza kwa kalamu na redio. Kitabu cha "Jungle Doctor" kilitoka mwaka 1942, na vingine vikafuata mfululizo. Alisimulia visa vya Mvumi redioni Sydney kwa takribani miaka 25, na vitabu vyake vikatafsiriwa katika lugha nyingi. Alifariki mwaka 1992. Miaka mitatu ya Ugogo ilimlisha mwandishi kwa nusu karne.

Mtiririko wa visa vyake unafahamika kwa aliyesoma hata vitabu viwili. Mgonjwa analetwa akiwa amechelewa, kwa sababu kwanza alipelekwa kwa mganga. Ndugu wanabishana nje ya wodi. Mganga anatishia, au anatuma watu usiku. Daktari anapasua kwa mwanga wa taa, akisaidiwa na Daudi, msaidizi wake mkuu, na Sechelela, mama mtu mzima anayewajua wanawake wote wa eneo lile na lugha ya kuwasemesha. Mgonjwa anapona, mganga anaaibika, na jioni watu wanakaa kuuzunguka moto kusikiliza neno la Mungu. Kitabu kimoja kinatangaza vita hiyo waziwazi katika jina lake: "Jungle Doctor Attacks Witchcraft".

Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli, na haujaisha mpaka leo.

Kwa upande wa daktari kuna hoja nzito. Katika Ugogo wa miaka ile, mama aliyepata uchungu pingamizi alikuwa akifa akiwa na mtoto tumboni. Vikope vilipofusha watu wazima ambao matone ya dawa na maji safi yangewaokoa. Papasi walijificha kwenye nyufa za tembe na kuwauma watu usiku, na homa waliyoileta ikaitwa kurogwa. Mtu aliyeona hayo kila siku, huku akijua kwamba yanazuilika, alikuwa na sababu ya kukasirika. Hospitali ya Mvumi ipo na inatibu hadi leo, na huduma zake za macho zimewafaa watu wengi wa mkoa huu. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kazi ile ilikuwa bure.

Lakini vitabu vya White vilimtia mganga na mchawi katika kapu moja, na hapo vilikosea. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1969, alieleza mpangilio ulio tofauti. Mtemi alibeba jukumu la mvua na rutuba ya nchi. Mganga alipiga ramli, akatibu, akazindika watu na mifugo. Mchawi alikuwa adui wa wote wawili. Kwa Mgogo, mtu aliyetafuta ulinzi dhidi ya uchawi alikwenda kwa mganga kama vile Mkristo anavyokwenda kanisani kuombewa. Kumwita mganga wakala wa giza kulikuwa sawa na kumkamata mlinzi na kumshtaki kwa wizi.

Serikali ya kikoloni nayo ilitazama mambo kwa jicho la mashaka. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1928, mwaka uleule Solomon Kane alipozaliwa katika jarida la Marekani. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kwa Tanzania huru kutunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayomtambua mganga wa tiba asili kama mtoa huduma anayesajiliwa na kusimamiwa. Walaghai bado wapo, na ramli chonganishi zimeleta maafa makubwa katika nchi hii. Ila sheria imekubali jambo ambalo riwaya za Mvumi hazikulikubali: kwamba katika uganga mna maarifa ya kuchunguzwa na pia mna hatari ya kudhibitiwa, na mtu mwerevu hufanya yote mawili.

La ajabu ni kwamba kijana wa Texas aliyeota Afrika alimpa mganga heshima kubwa kuliko daktari aliyeishi kwetu. Katika "Red Shadows" Kane anaokolewa na N'Longa, mganga mzee wa Kiafrika anayeitoa roho yake mwilini na kuinua maiti ili kumsaidia. Baadaye, katika "The Hills of the Dead" ya mwaka 1930, N'Longa anampa Kane fimbo ya kale ya uganga. Mpuritani yule, anayeamini kwamba uganga wote ni wa Shetani, anaipokea fimbo, anatembea nayo na kuponea kwayo. Anapigana na imani yake moyoni, lakini mkono hauiachii. Howard alimchora N'Longa kuwa mtu mwenye akili, ucheshi na mamlaka yake mwenyewe. Katika vitabu vya Mvumi, nafasi ya mganga ni ya kushindwa tu.

Haki inataka pia tuseme kwamba White aliwapa Wagogo wengine nafasi ambayo Stanley hakuwapa. Daudi na Sechelela wana majina, hekima na ucheshi, na mara nyingi wao ndio wanaomwelekeza daktari. Katika mfululizo wa ngano zake, uliopambwa kwa michoro ya Graham Wade, msimuliaji ni Daudi. Tumbili anazama kwenye matope na kujaribu kujitoa kwa kuvuta sharubu zake mwenyewe. Mtoto wa chui analelewa kwa uji kama mnyama wa nyumbani, mpaka siku anapoonja damu. Ngano hizi zinahubirika vizuri, na mtu aliyekulia kwenye masimulizi ya bibi zetu anaona mara moja White alijifunza wapi ufundi wa kumfanya mnyama afundishe binadamu. Aliketi penye moto wa Ugogo, akasikiliza, akachukua. Jina lililo kwenye jalada ni lake peke yake.

Basi Ugogo wenyewe ulikuwa ukiandika nini? Hili ndilo swali ambalo miaka 100 ya dayosisi inatupasa kuliuliza, na jibu lake ni la kujivunia. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, katika kipindi hichohicho cha Mtunya. Alichunga mbuzi, akasoma kwenye misheni ya Kikatoliki, akawa mwalimu na baadaye mtumishi wa mahakama. Mwaka 1954 alitoa "Historia, Mila na Desturi za Wagogo", kwa Kiswahili, akiwaeleza watu wake kutoka ndani. Mwaka 1961 alitoa "Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili", hadithi ambayo shujaa wake ni mtu wa pori letu, mwenye kazi ya pori letu. Halafu akawa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili, akaongoza UKUTA, chama cha washairi, na kuijenga ngonjera mpaka ikaingia katika kila shule ya Tanzania. Alifariki mwaka 1969. Kitabu chake cha Wagogo kilitafsiriwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Gregory Maddox na kuchapwa Marekani mwaka 1995.

Kwa hiyo mwaka 1954 Ugogo haukuwa na uhaba wa mwandishi. Mwaka huohuo Central Tanganyika Press ilianzishwa hapahapa Dodoma, na vitabu vya Kiswahili vilianza kutoka katika mji uliokuwa bado mdogo. Kilichokosekana ni masikio ya dunia. Mtoto wa Sydney alimjua Sechelela kabla mtoto wa Dodoma hajalisikia jina la Mnyampala.

Tangu hapo mambo yamekwenda haraka. Mwaka 1973 Dodoma ikatangazwa kuwa makao makuu ya nchi. Shule ya Mazengo, iliyobeba jina la mtemi mashuhuri wa Mvumi, ilitoa nafasi kwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Serikali imehamia, barabara zimepanuliwa, na Ihumwa ya Mnyampala imemezwa na mji. Mji mkuu wenye majengo mazuri namna hii hauna kisingizio cha kutojua nani aliuandika.

Ombi letu kwa dayosisi, kwa halmashauri za Dodoma na Chamwino na kwa Bodi ya Huduma za Maktaba ni hili. Dakta White asomwe, kwa heshima na kwa jicho la uchambuzi. Mnyampala achapwe upya kwa wingi na afundishwe katika shule za mkoa wake. Na wazee wa Mvumi wanaokumbuka wauguzi, wakunga na wasaidizi wa hospitali ya zamani wahojiwe sasa, majina yao yaandikwe, na visa vyao viwekwe katika kitabu cha Kiswahili kabla ya 2027 kupita. Mkiwa na bibi au babu aliyefanya kazi katika wodi zile, msingoje mtafiti atoke ng'ambo: kaeni naye, mwulizeni, na mwandike.