Miswada ya Ufunuo katika Uingereza ya Karne ya 13

Zamani sana kabla Wanormani hawajavuka bahari, Waingereza walikuwa wamekwisha kuzijua njozi za Ufunuo wa Yohana kwa masikio na kwa macho. Kwani Bede, mtawa na mwanachuoni wa Northumbria, alikitungia kitabu hicho sharhi mwanzoni mwa karne ya 8, naye ndiye aliyetuhadithia jinsi Benedict Biscop alivyoleta kutoka Rumi picha za njozi hizo akaupamba nazo upande wa kaskazini wa kanisa la Wearmouth, ili hata asiyejua kusoma, aingiapo, aione siku ya hukumu. Lakini ilikuwa takriban baina ya 1250 na 1275 ndipo nchi hiyo iliposhikwa na shauku ya kukinakili kitabu hiki kwa picha na dhahabu.

Aghlabu sababu inayotajwa ni hofu. Wafuasi wa mafundisho ya Joachim wa Fiore, aliyefariki 1202, waliutazamia mwaka 1260 kuwa mlango wa zama mpya. Na 1241 Wamongoli walikuwa wameivamia Hungaria, habari ambazo Matthew Paris, mtawa wa St Albans, aliziandika kwa fadhaa kubwa. Hofu ilikuwapo, hapana shaka, ila mimi naona haitoshi. Maana mtu ayakinishaye kwamba dunia i karibu kukoma haagizi kitabu cha ngozi za ndama zilizoparwa na kulainishwa, kikapakwa dhahabu ukurasa baada ya ukurasa, kisha akachorewa ndani yake nembo ya ukoo wake.

Tena sharhi iliyonakiliwa katika mingi ya miswada hii, ile ya Berengaudus, ni tulivu mno: mihuri saba anaieleza kuwa ni tarehe ya watu wa Mungu, tangu waadilifu wa kabla ya gharika na kuendelea, hata farasi na tauni zikawa kama darasa la historia. Na waliolisoma darasa hilo hawakuwa watawa peke yao. Mswada uliopo Lambeth Palace, London, unamwonyesha bibi wa nyumba ya de Quincy amepiga magoti mbele ya Mariamu na Mwanawe. Na ule mkubwa wa Trinity College, Cambridge, uliandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani, lugha ya masharifu wa nchi wakati ule, ilhali Kiingereza cha raia kilingoja mpaka wafuasi wa Wycliffe, mwishoni mwa karne ya 14, kupata Biblia nzima.

Wachoraji nao walimfundisha msomaji namna ya kutazama. Katika mswada ambao leo u katika jumba la makumbusho la Getty, California, mara kwa mara Yohana husimama nje ya mpaka wa picha, akachungulia kwa kidirisha kilichotobolewa ubavuni mwake, naye hushangaa, hujikunyata, hushika shavu. Basi mwenye kitabu akawa na mwenzake wa kutazama naye.

Mswada unaonipendeza kupita yote ni ule wa Bodleian, Oxford, uitwao kwa jina la Francis Douce aliyeiusia maktaba hiyo vitabu vyake 1834. Katika herufi yake ya mwanzo wamepiga magoti Edward, mwana wa mfalme, na mkewe Eleanor wa Castile. Basi kazi ilianzwa kabla ya 1272, mwaka ambao Edward alirithi kiti cha enzi. Una picha 97, lakini haukumalizwa, na upungufu huo ndio unaotufumbulia siri za karakana: mahali pengine pana mistari ya kalamu tu, myembamba na yenye uhakika, penginepo dhahabu imekwisha kubandikwa ilhali nyuso na mavazi vingali vyeupe, kwa kuwa dhahabu hutangulia rangi, na kuing'arisha baada ya rangi kungeziharibu zile zilizo jirani nayo.

Miswada hii haikukaa kwao yote. Mmoja uliochorwa Uingereza yapata 1250, ulioko sasa katika maktaba ya taifa mjini Paris, ulifika mikononi mwa Charles wa Tano wa Ufaransa; na katika daftari la vitabu vyake karani ameandika kwamba mfalme amempa nduguye, mtawala wa Anjou, ili atengenezee zulia lake la ukutani, lile lenye njozi za Ufunuo ambalo hata leo latazamwa katika ngome ya Angers.