Kwenu ni wapi? Kwetu ni Nairobi

Mkenya akikuuliza "kwenu ni wapi" na umjibu Nairobi, hatosheki. Atacheka kidogo kisha aulize tena: "Hapana, kwenu kabisa. Mashambani." Haijalishi ulizaliwa Pumwani, ukakulia Buruburu na hujawahi kukamua ng'ombe hata mmoja. Kwake wewe uko Nairobi kwa muda tu. Umekuja kutafuta.

Wengi wetu tunadhani hilo swali ni la mila. Mimi nasema sehemu kubwa yake ilitungwa ofisini na serikali ya mkoloni, na sisi tumeendelea kulibeba bure. Ushahidi hauko mbali. Vaa raba, beba pesa ya mathree na ya chakula, utembee siku moja. Nilifanya hivyo Jumamosi moja, na hii ndiyo njia niliyopita.

Reli kwanza

Makumbusho ya Reli iko karibu na stesheni ya zamani. Kabla ya reli, hapa palikuwa kinamasi na malisho. Wamaasai waliuita mto wa hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika 1899, wakaweka kambi na karakana, na ile kambi haikuondoka tena. Mji huu ulianza kama stoo ya vyuma, na watu wakakuja kuifanyia kazi.

Ndani kuna behewa ambalo kila mtu hupiga picha. Ndilo simba alimvuta ofisa wa polisi Charles Ryall kutoka ndani yake, pale Kima, mwaka 1900. Story tamu, sikatai. Lakini Ryall ni mtu mmoja. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kujenga hii reli, na karibu 2,500 wakafa. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walibadilisha hadi sahani yetu. Chapo unayokula na madondo kibandani asili yake ni India, lakini jaribu kumwambia mtu wa Nairobi kwamba hicho si chakula chake.

Tao, mahali pa kupita

Kutoka hapo nilipanda hadi Kenyatta Avenue. Kuna sanamu tatu za shaba ambazo tunazipita kila siku tukiangalia simu. Ziliwekwa kuwakumbuka Waafrika waliotumikia Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mmoja wa wale watatu ni mbebaji mizigo. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanaahidi kwamba watoto wao watawakumbuka. Majina ya watu wenyewe? Hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba msamaha kwa sababu Waafrika wengi sana waliokufa hawakuandikwa popote kwa jina. Karibu miaka mia baadaye.

Vita vilipoisha, waliorudi walikaribishwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na karatasi ya kazi na alama za vidole ndani ya kikopo cha chuma, akining'iniza shingoni. Bila kazi, hukuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Ungerudishwa rizavu, yaani "kwenu". Umeona venye lile swali linaanza kusikika vingine?

Tembea sasa hadi Harry Thuku Road, pale chuo kikuu. Thuku alikuwa karani aliyepinga kipande na kodi. Alikamatwa Machi 1922, watu wakajaa nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Wazee wanaume walipotaka kurudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha mbele ya umati, akawaambia wabadilishane nguo naye kama wameshindwa kuwa wanaume. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikufa hapo. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine wakasema ni zaidi. Barabara ina jina la Thuku, na ni sawa. Lakini mtoto wa Nairobi anafaa kujua pia jina la Nyanjiru.

Lunch Kariokor

Kariokor ni mahali pa nyama choma, viondo na akala. Niliagiza nusu kilo, ugali na kachumbari, nikauliza vijana wawili mezani hilo jina limetoka wapi. Mmoja akasema ni la Kijaluo, mwingine akasema ni la mhindi fulani tajiri.

Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji, ikitamkwa na midomo yetu. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Ni wale wale wa sanamu ya tao: wanaume waliochukuliwa kubebea jeshi chakula na risasi, na waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Kule Kenyatta Avenue hawana majina, huku wameachia soko zima jina. Kila makanga akiita "Kariokor!" anawataja bila kujua.

Majengo na Pangani

Ukivuka kuelekea Pumwani, unaingia mtaa ambao serikali iliutenga miaka ya 1920 ili Waafrika wakae pamoja mahali pa kuchungwa. Hapa Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake, ingawa ardhi yenyewe haikuwa yake. Na hiki ndicho kipande cha historia ninachokipenda kuliko vyote: miongoni mwa waliojenga Majengo walikuwemo wanawake wengi. Kijijini hawangerithi shamba. Huku waliuza chakula, walikodisha vyumba, wengine waliuza miili yao, wakajenga nyumba za udongo zenye jina lao. Wengi waliingia Uislamu na kuacha kabila mlangoni. Ungemuuliza mmoja wao kwao ni wapi, angekuonyesha mlango wake. Mahamri na viazi karai vya Majengo bado ni vitamu hadi leo, kwa njia.

Jirani hapo ni Pangani. Kijiji cha zamani cha Waafrika kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakaambiwa wahamie Shauri Moyo. Miaka ya juzi nyumba za zamani za kaunti zikabomolewa pia Pangani, maghorofa yakapanda. Sipingi nyumba mpya, choo cha kushiriki watu ishirini hakina utamu wowote. Ninachopinga ni kubomoa bila kuandika nani aliishi hapo.

Jioni Eastleigh

Nilimalizia Eastleigh, na chai ya maziwa ya ngamia na sambusa moto. Watu huongea juu ya Eastleigh kama kwamba Wasomali walishuka jana. Walikuwa Nairobi tangu enzi za ukoloni. Waliongezeka baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, wakageuza lodge na nyumba za kupanga kuwa maduka ambayo nusu ya Afrika Mashariki inanunulia. Bado wakati wa msako kijana aliyezaliwa hapo anaombwa kitambulisho na kuulizwa kwao ni wapi. Kile kikopo cha shingoni kilitoka. Swali lilibaki.

Kwa hivyo ndiyo, kuwa na gicagi, dala ama ushago ni baraka, na sitaki mtu aache kwao. Ninachosema ni kwamba huu mji umejengwa na watu walioambiwa kila siku kwamba ni wapitaji, na wakakataa. Ukisema kwako ni Nairobi, hujapotea. Una nyanya Majengo, una babu Kariokor, una jirani Eastleigh.

Kama una shosho, guka ama nyanya Kaloleni, Shauri Moyo ama Pumwani, washa simu umrekodi wiki hii. Muulize alifika lini, alilala wapi usiku wa kwanza, alipika nini. Tingatinga haingoji mtu amalize hadithi.